Panya wangu wa fondanti masikio yanalala! Wapishi wa keki Unguja na Pemba, nisaidieni

MamaSwalha | Jumapili, saa 4:10 usiku

Assalamu alaykum wapishi wenzangu.

Mie napika keki nyumbani, niko Amani, Unguja. Keki yenyewe najiweza alhamdulillah, na krimu napiga ikasimama. Kilichonishinda ni hivi vidoli vya fondanti, ile sukari iliyokandwa kama donge la chapati, vya kuweka juu ya kapkeki, wenyewe wanaviita topa. Nimepokea oda ya kapkeki 24, mtoto anatimiza miaka mitano Jumamosi hii, na mama mtu anataka Mickey Mouse juu ya kila moja. Nusu ya pesa nimeshalipwa na nimeshaila, kwa hiyo habari ya kurudisha haipo.

Jana nimefanya sita vya majaribio. Vimetoka mkononi vizuri hata mume wangu akavipiga picha. Asubuhi naamka, masikio yote chini. Panya kageuka mbwa koko kanyeshewa na mvua. Weusi umeshuka mpaka mashavuni. Nikaona niviingize friji vikaze. Kuvitoa tu, robo saa haijafika, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, ukigusa vinanata, na rangi ninayo kidoleni mpaka saa hizi.

Fondanti ni ya dukani, ile nyeupe ya ndoo. Rangi ni ile ya maji ya vichupa vidogo. Nimekosea wapi?

---

Babaake_Watatu | Jumapili, saa 4:31 usiku

Weka picha ya huyo mbwa koko kwanza ndio tukushauri 😂

---

Bi_Wete | Jumapili, saa 5:02 usiku

Wa alaykum salaam mwanangu. Umekosea mahala patatu, na pote patatu ni maji.

Sukari na maji ni wachumba wa zamani, wakionana hawaachani. Saa hizi tumo ndani ya masika, hewa yenyewe imejaa maji, na fondanti ni sukari tupu. Inakunywa maji ya hewani usiku kucha wewe umelala. Hilo la kwanza, na hilo si kosa lako, ni la Aprili.

La pili, ile fondanti ya ndoo imetengenezwa kwa kufunikia keki. Wameitia gliserini makusudi isikauke, mtu akikata keki siku ya tatu ikute bado laini. Wewe unataka kidoli kisimame, yaani unataka kinyume cha alichokitaka mwenye kiwanda. Lazima uitie kitu cha kuikaza, nitakuja huko. Na juu ya gliserini ya watu ukaongeza rangi ya maji! Nyeusi haipatikani kwa matone mawili. Ulitia kichupa kizima, sema kweli.

La tatu ni friji. Friji si adui, adui ni kule kutoka. Kitu baridi kikikutana na hewa ya joto ya Zanzibar kinatoka jasho, kama chupa ya soda. Kidoli cha sukari kikitoka jasho ndio basi. Topa hailali ndani ya friji hata siku moja. Iweke kwenye boksi la karatasi, lile la viatu tandika karatasi safi ndani, nje ya friji, kifuniko kiegeshe tu. Usitie kwenye bakuli la plastiki ukabana, unyevu wake utazunguka humo humo.

Nakwenda kulala, kesho nakupa namna ya masikio.

---

MamaSwalha | Jumapili, saa 5:09 usiku

Kichupa kizima na nusu bi mkubwa 🙈

---

Kijogoo_Darajani | Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Dada hapo unachohitaji ni CMC, poda nyeupe kama unga wa muhogo. Ni gundi inayotokana na nyuzi za mimea, kwenye paketi za vyakula utaiona imeandikwa E466. Kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 za fondanti, unakanda, unafunga kwenye nailoni, unaiacha usiku mmoja. Kesho yake ukiivuta unaona inarudi kama mpira. Wengine huiuza kwa jina la tailozi, kazi ni ile ile.

Na uachane na rangi ya maji kabisa kwa kazi hii. Chukua ya jeli. Nauza vifaa vya keki kwa hiyo mtasema napiga debe, lakini hata ukinunua kwa mwengine shauri langu ndilo hilo. Fondanti nyeusi ya tayari pia ipo sokoni. Kwa mtu mwenye oda ya Jumamosi mimi ningenunua hiyo, nyeusi na nyekundu zinatesa.

---

Dada_Mazizini | Jumatatu, saa 2:47 asubuhi

Kijogoo naomba nikuulize hapa hapa mbele za watu. Jelatini, ile ya kugandishia, iliyomo kwenye hizo fondanti na mashimelo, zile peremende laini, munazouza, ya mnyama gani? Maana nimeshakuta paketi imeandikwa jelatini tu, haina neno jengine.

---

Kijogoo_Darajani | Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Swali zuri. Jelatini inaweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe, na kwa macho huwezi kujua. Mimi sichukui mzigo wa mashimelo usiokuwa na alama ya halali au ulioandikwa wazi ni ya ng'ombe. Paketi ikisema jelatini ikanyamaza, nairudisha. Na wanaouliza jelatini wasisahau rangi nyekundu, E120 inatokana na mdudu. Hizo ndizo mbili ninazoulizwa sana.

---

Dada_Mazizini | Jumatatu, saa 3:22 asubuhi

Ahsante. Mie nimehamia kufanya mwenyewe ndio roho yangu imetulia. Mashimelo za halali gramu 450, vijiko viwili vya chakula vya maji, unaziyeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha unamimina kwenye sukari ya aising karibu gramu 900. Usiitie yote kwa mpigo, bakisha kikombe uone inavyokwenda. Mikono na kibao paka mafuta ya kuganda, kanda mpaka ilainike. Ilaze usiku mmoja.

Sukari isagwe ya kiwandani. Niliwahi kusaga ya kawaida kwa brenda kwa ubahili wangu, fondanti ikatoka na chenga na ikipinda inapasuka kama udongo wa kiangazi.

---

Bi_Wete | Jumatatu, saa 7:40 mchana

Haya, nimemaliza kuanika, sasa masikio.

Mwanangu, wewe umeanza na kichwa ukamalizia masikio, kama Mungu alivyomuumba panya. Sie tunaanza na masikio. Leo hii. Chukua fondanti yako nyeusi yenye CMC, isukume kwa kifimbo cha chapati iwe nene kama sarafu mbili zilizopandana, kata duara kwa kifuniko cha chupa ya vanila. Masikio 48 ya kazi, na 12 ya kuvunjika, maana yatavunjika. Kila sikio kabla halijakauka lichomeke kipande cha tambi kavu ile ndefu ya spageti, kitokeze kama urefu wa ukucha. Laza kwenye tambara safi lililopakwa konfulawa kidogo, geuza asubuhi na jioni. Mpaka Jumatano yatalia ka! ka! ukiyagonganisha.

Kisha fanya visahani vya chini. Kata kwa kikombe cha kahawa, nyekundu au manjano, unene nusu sentimita usifike. Hivyo navyo vikauke siku mbili. Kisahani ndicho kinachozuia kidoli kisizame kwenye krimu, na ndicho kinachokizuia kisinywe mafuta ya krimu kutoka chini. Watu wengi hukiruka hiki halafu wanailaumu hali ya hewa.

Vichwa ni Alhamisi. Gramu 12 kila kimoja, pima kwa mzani mdogo, la sivyo utapata panya baba na panya mtoto. Hesabu yangu: kichwa 12, masikio mawili gramu 2, kisahani 10. Mara 24 ni kama gramu 600 za fondanti zote. Nakwambia ili usijenunua ndoo ya pili bure.

Gundi: robo kijiko cha chai cha CMC kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji. Itaonekana imefanya madonge, iache mpaka asubuhi itakuwa ute. Unapaka kwa ncha ya brashi, kitone. Ukirowesha, umerudi kwenye lile la maji.

Kuhusu vijiti vya meno: USITIE. Mtoto wa miaka mitano hatafuni kwa kuangalia. Tambi ikivunjika mdomoni ni chakula, kijiti ni hospitali. Na waya ndio kabisa. Wala usitie karafuu iwe macho. Nasema hili kama mtu aliyelitenda. Nilifanya ndege wa maulidi ya watoto, macho ya karafuu, karafuu yenyewe ya shamba letu, nikajiona nimebuni. Mtoto wa mwanzo kuing'ata alilia mpaka mama zake wakadhani kaumwa na tandu.

---

Babaake_Watatu | Jumatatu, saa 8:05 mchana

Ndege wa karafuu 😂😂 yakhe Wapemba karafuu mutaitia mpaka kwenye soda.

---

Msanii_wa_Ngambo | Jumatatu, saa 10:30 jioni

Mimi si mpishi, mimi nachora, lakini nina neno juu ya huyo Mickey.

Watu wanaofanya vidoli hivi wanahangaika na macho, pua, kope, mpaka meno. Mhusika wa katuni mzuri ameumbwa ili umjue hata ukimuona kivuli chake. Huyu ni duara tatu. Kubwa moja, ndogo mbili. Zikiwa pahala pake hata usipomtia macho mtoto atapiga kelele jina lake. Zikikosea, umtie hata nguo ya hariri, ni mbwa koko. Kwa hiyo MamaSwalha tatizo lako la masikio si dogo. Masikio ndiye yeye.

Na yana ajabu moja. Mtazame kwenye katuni zake, kichwa kikigeuka kushoto au kulia masikio hayageuki, unayaona duara kamili tu, jambo ambalo kwa mnyama wa kweli haliwezekani. Maana yake kwenye kapkeki usiyapinde wala usiyatie shimo kama ya panya wa dari. Yalaze bapa yaelekee mbele, anakoangalia mtoto.

Uso: kata kopa kwa rangi ya ngozi, ile mikunjo miwili ya juu inakuwa nyusi zake. Chini yake bandika yai la kulala, ndio mdomo. Tabasamu ligonge kwa mrija uliokatwa nusu. Macho ni mayai mawili ya kusimama yaliyokaribiana. Ukiyaachanisha anakuwa na sura ya mtu aliyedaiwa.

Na ukija kufanya mikono siku nyengine, vidole vinne vinatosha. Wachoraji wa katuni tangu zamani hupunguza kimoja, kazi inakuwa nyepesi na mkono hauonekani kama chane ya ndizi.

---

Dada_Mazizini | Jumatatu, saa 1:12 usiku

Samahani, naomba kuuliza. Hivi hawa wahusika si wana wenyewe? Nilisikia mtu anaweza kushitakiwa.

---

Msanii_wa_Ngambo | Jumatatu, saa 1:50 usiku

Wana wenyewe. Ukimfanyia mwanao nyumbani hakuna atakayekugongea mlango. Ukiuza, kisheria unahitaji ruhusa ya mwenye mhusika, na hilo halibadiliki kwa sababu umemfanya kwa sukari. Zanzibar tuna ofisi yetu ya hakimiliki, COSOZA, mbali na COSOTA ya Bara, mtu akitaka kuuliza aende.

Huyu Mickey hasa ana kisa chake. Yule wa mwanzo kabisa, wa mwaka 1928, mweusi na mweupe, asiye na glavu, hakimiliki yake Marekani ilimalizika tarehe 1 Januari 2024. Lakini ni wale wa miaka ya mwanzo mwanzo tu, na kwa sheria ya huko. Huyu wa rangi zake tunaomjua sisi amekuja baadaye, na jina lake bado ni alama ya biashara ya kampuni.

Mimi mteja akiniletea katuni ya watu humwambia nitakuchorea wangu. Kima punju wa msitu wa Jozani, mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kipajini, huyo ni katuni kazaliwa nayo. Kobe wa kisiwa cha Changuu je? Duara moja na kichwa.

---

MamaSwalha | Jumatatu, saa 2:03 usiku

Kaka Msanii nakuelewa, lakini kesi ya kampuni ya Marekani naiogopa kidogo na mama wa mtoto namuogopa sana. Kima nitafanya mmoja wa ziada nione.

---

Ustadh_Mwanafunzi | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Assalamu alaykum. Sitaki kuvuruga uzi wenu, ila mmesahau jambo. Kufanya sanamu ya kiumbe chenye roho kuna makatazo katika hadithi. Je, hivi vidoli havimo?

---

Bi_Wete | Jumatatu, saa 2:58 usiku

Wa alaykum salaam ustadh. Hujavuruga, nilikuwa nakungojea, kila uzi wa vidoli lazima uje.

Nilimuuliza shekhe wangu zamani, kabla sijauza hata kimoja. Akanitajia hadithi ya Bi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake na wanasesere wake, kwamba vya kuchezea watoto wanazuoni wengi wamevitoa kwenye katazo, na wapo waliosema kisichodumu kama cha unga au halua hukumu yake ni nyepesi. Na wapo waliokaza wakasema hapana. Akaniambia chagua ukiwa unajua. Huko Misri kila Maulidi wanauza bibi arusi wa sukari na farasi wake, watoto wanawala mpaka kichwa.

Asiyeridhika afanye bapa, achore kwenye kisahani, au afanye maua na mashua. Mie mteja akisema hataki chenye macho namfanyia jahazi, tanga moja, na bei ile ile.

---

Ustadh_Mwanafunzi | Jumatatu, saa 3:10 usiku

Jazakillahu khayran bibi. Jahazi ni rai nzuri.

---

Mfamasia_Chake | Jumanne, saa 6:15 mchana

Naona mmezungumza rangi ya jeli na ya maji, naongeza moja. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilichapisha utafiti wa watoto waliopewa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi za viwandani pamoja na kihifadhi. Baadhi walionekana kuhangaika zaidi. Haikusemwa kwamba ni sumu, lakini tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi sita kiwe na onyo kuhusu watoto: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Someni vichupa vyenu, hasa manjano na nyekundu. Sisemi musitumie. Nasema kidoli chote kisiwe rangi wakati ngozi ya juu ingetosha.

Kwa manjano tunayo bizari shambani. Kijiko kidogo kinatosha na ladha huisikii, ila usiiweke penye jua inafifia. Kwa rangi ya machungwa ipo mbegu ya mzingefuri, ile wanayowapaka watalii midomoni kwenye mashamba ya viungo. Rangi yake inatoka kwenye mafuta kuliko maji, kwa hiyo ipashe na mafuta kidogo ya kuganda kisha kandia hayo mafuta.

Nyeusi ya asili sina, samahani.

---

Bi_Wete | Jumanne, saa 7:30 mchana

Nyeusi ni kakao. Kanda kijiko cha kakao kwenye fondanti mpaka iwe kahawia iliyokolea, hapo jeli nyeusi kidogo tu inamalizia. Ilaze, asubuhi imekolea zaidi kuliko ulivyoiacha. Bila kakao utatia jeli mpaka fondanti inaoza, ladha inakuwa chungu na watoto wote wanaondoka na meno kama wazee wa tambuu.

---

MamaSwalha | Jumatano, saa 3:25 usiku

Jamani nipeni pole.

Masikio nimefanya 60 Jumatatu ile ile. Jumanne usiku bado yananesa. Nimewasha feni, haisaidii, inanirushia hewa ile ile ya maji. Nikasoma pahala kwamba unaweza kuyaweka ndani ya oveni imezimwa, unawasha taa tu, joto la taa linakausha taratibu. Nikafanya. Na kweli leo asubuhi yameanza kulia ka! ka! kama alivyosema Bi Wete. Nikafurahi, nikatoka kwenda Mwanakwerekwe.

Mume wangu karudi na njaa. Kawasha oveni apashe mkate wa boflo.

Masikio thelathini na moja yamekuwa ziwa moja. Trei nimeroweka, linanukia karameli nyumba nzima. Yeye anasema "si ungeandika karatasi." Sijamjibu mpaka sasa.

---

Babaake_Watatu | Jumatano, saa 3:29 usiku

Kwa niaba ya waume wote, mtu akifungua oveni anatarajia chakula, si masikio.

---

Bi_Wete | Jumatano, saa 3:50 usiku

Pole mwanangu. Na yeye mpe pole, boflo lake halijapashika.

Taa ya oveni ni njia nzuri, mie pia hutumia, lakini nabandika karatasi ya gundi mlangoni na kitufe cha kuwashia moto nakichomoa. Sasa sikiliza. Una masikio 29 mazima, umepungukiwa 19. Yafanye usiku huu, membamba zaidi kidogo. Kuna mtu mwenye kiyoyozi hapo karibu? Chumba chenye kiyoyozi hewa yake ni kavu, ndani ya saa 24 yatakuwa tayari. Feni katika masika inafaa kwa binadamu tu.

---

MamaSwalha | Jumatano, saa 4:02 usiku

Wifi yangu anacho chumbani. Nakwenda na boksi la viatu saa hizi hizi. Lakini haya mapya nikiyakata ukingo unachanika na juu yanafanya mikunjo midogo midogo kama ngozi ya kiwiko. Nimezidisha CMC?

---

Dada_Mazizini | Jumatano, saa 4:06 usiku

Umezidisha konfulawa kibaoni shoga. Futa kibao, paka mafuta ya kuganda kidogo sana kwenye viganja ukande upya dakika mbili. Na fondanti isiyotumika funika, usiiache wazi hata kwa muda wa kupokea simu.

---

Kijogoo_Darajani | Alhamisi, saa 4:00 asubuhi

Oda inakwendaje? Huku Darajani nimeshaulizwa na wateja wawili habari za panya wa Amani.

---

MamaSwalha | Alhamisi, saa 5:45 usiku

Vichwa 24 vimekaa. Masikio ya kwa wifi yamekauka kuliko yale ya mwanzo. Umeme umekatika saa moja na nusu, nikabandika nyuso kwa taa ya simu, kwa hiyo kama kuna panya mwenye makengeza mjue ni wa saa ile. Kakao imefanya kazi, weusi wa kiwi ya viatu na kidole changu safi.

Swali la mwisho. Napeleka mpaka Bububu. Kwa bodaboda au nipande daladala?

---

Bi_Wete | Ijumaa, saa 12:30 asubuhi

Wala usipeleke zikiwa zimepambwa. Kapkeki kwenye boksi lake, vidoli kwenye boksi lake, kila kimoja kwenye kitobo cha trei ya mayai safi iliyotandikwa karatasi. Unapandisha kule kule, nusu saa kabla ya watoto. Kidoli kikikaa juu ya krimu saa nne tano kwa hali hii ya hewa kinaanza kulegea kutoka miguuni.

Nilishawahi kupeleka keki ya vidoli kutoka Wete hadi Unguja kwa boti, bahari ya Kusi, vidoli mapajani kwenye trei ya mayai. Watu wakaniuliza bei ya trei.

---

MamaSwalha | Jumamosi, saa 2:15 usiku

Nimerudi. Nimekaa chini kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Wote 24 walisimama. Masikio juu, hakuna aliyelala hata mmoja, pamoja na kuwa mvua imetupiga njia nzima na taksi kioo cha nyuma hakifungi. Mama mtu kapiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Mwenye makengeza nimempa mume wangu, mezani nikapeleka wa akiba.

Sasa sikilizeni. Nimeyahangaikia yale masikio siku tano. Nimeyalaza, nimeyageuza asubuhi na jioni, nimeyapeleka kwa wifi usiku kwa boksi la viatu, nimemnunia mume kwa ajili yake. Watoto wamekaa, wamesoma bismillahi, na kitu cha mwanzo walichofanya, wote, kama waliopanga, ni kung'oa masikio na kuyatafuna. Ka! ka! ka! Kumbe ndiyo matamu, yamekauka kama biskuti. Mmoja katoa tambi akauliza kama ni ya kupikwa. Baada ya dakika mbili meza nzima ina vichwa vyeusi vya mviringo, vinatabasamu. Nimerudishiwa bakuli la vichwa kumi na moja, wamesema ni vikubwa.

Kima punju alikwenda kwa bibi wa mtoto. Kamfunga kwenye leso, hataki kumla wala hataki mtu amguse. Nimemwambia sisimizi watamfuata, kanijibu "na waje."

Na mama mmoja pale pale kanishika mkono. Anataka farasi mwenye pembe, thelathini, na pembe iwe ndefu. Ijumaa ijayo.

---

Msanii_wa_Ngambo | Jumamosi, saa 2:31 usiku

Bakuli la vichwa lipige picha tafadhali, naomba nilichore.

---

Bi_Wete | Jumamosi, saa 2:44 usiku

Mashallah mwanangu. Pembe ndefu ianze kesho asubuhi. Na andika karatasi kwenye oveni.